Marahaba Isiyo na Shikamoo

Bursa, Uturuki
Jumatatu, 14 Aprili 1997

Dada yangu Teodora,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute umemaliza kusahihisha madaftari ya watoto na umekaa kwenye kile kigoda cha jikoni, maana ndipo ninapokuona kila nikifumba macho. Sisi hatujambo kabisa. Khalidi anakusalimu, yuko hapa ananichungulia begani na nimeshamfukuza mara mbili. Mafunzo yake yanakwenda vizuri. Zile mashine za kufuma mataulo ambazo mjomba wake amezinunua kwa ajili ya Mwanza, sasa anaweza kuifungua moja yote na kuirudisha bila kubakiwa na skrubu hata moja mkononi. Miezi sita tuliyopewa naona itapita kama wiki. Shule inaendaje? Yule mbuzi wa pembe moja bado anakula nguo kwenye kamba? Na Baba?

Kwa Baba nitarudi. Kwanza nikusimulie jana, kwa sababu nisipoisimulia nitapasuka.

Wiki yote ya kwanza nililala na mafua, mji nikiuona kwa dirisha tu. Jana Jumapili Khalidi akafungua pazia akasema, "Mke wangu, nimekununulia mlima. Amka uukague." Dada, mlima wenyewe uko nyuma ya mji kama mgongo wa ng'ombe mkubwa aliyelala, na juu yake theluji, nyeupe kama pamba ya gredi ya kwanza kabla haijatiwa guniani. Nikavaa sweta mbili na kitambaa kichwani, mkono mmoja nikauingiza kwenye mfuko wa koti la mume wangu, ukakaa humo siku nzima. Usicheke. Ukiolewa utaona.

Tulianzia kwenye msikiti wao mkubwa wa zamani, wenye makuba ishirini. Mimi mtoto wa parokia niliogopa kuingia, lakini bibi mmoja mlangoni alinirekebisha kitambaa kama ambavyo ungefanya wewe, kwa kukivuta kwa nguvu kidogo. Kutani kuna maandishi meusi, herufi moja inanizidi kimo. Na katikati, ndani kabisa, kuna birika la maji yanayobubujika, na juu yake paa la kioo. Khalidi amesimuliwa na wenzake kiwandani kwamba zamani pale palikuwa na nyumba ya mwanamke aliyekataa kuwauzia. Alipofariki wakajenga, lakini hawakutaka mtu asujudu mahali palipokosa ridhaa ya mwenyewe. Basi pale wakaweka maji. Nilikaa nikiyasikiliza maji yale muda mrefu mpaka Khalidi akaniuliza, "Unawaza nini?" Nikamwambia nawaza chakula. Nilimdanganya kidogo.

Tukaenda soko la hariri. Ni jengo la mawe la miaka mia tano, lina ua mpana katikati, na watu wamekaa uani wakinywa chai kwenye vigilasi vilivyobanwa kiunoni kama msichana aliyejifunga mkanda. Pembeni alikaa mzee wa ndevu nyeupe, umri wa Baba au zaidi. Nikampita. Akanitazama, akasema taratibu:

"Merhaba."

Dada! Nilisimama kama niliyechapwa. Mtu mzima ananiitikia shikamoo ambayo sijampa! Haya zilinipanda mpaka masikioni. Niliona ni kama mzazi anayekukumbusha adabu: mimi nimekwisha kuitikia, mwanangu, sasa salamu yako iko wapi? Nikapiga goti palepale juu ya mawe, nikasema kwa sauti, "Shikamoo, babu!"

Ua mzima ukageuka. Khalidi alikuwa ameikumbatia nguzo, machozi yanamtoka kwa kicheko. "Evelina, inuka! Inuka, watu wanatazama! Hiyo ndiyo 'hujambo' yao!"

"Ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza kiwandani."

"Na hukuniambia?"

"Nilitaka nione utafanyaje. Nimeoa mwanamke, sijaoa kamusi."

Nilimpiga kofi mkononi. Yule mzee alipoelezwa kwa ishara, alicheka mpaka akajifuta macho, akatuagizia chai akakataa katakata tulipe. Tulipoondoka alijaribu, "Şikamo!" Nikamwitikia marahaba, mimi mtoto wa juzi! Mungu anisamehe.

Basi siku nzima ikawa hiyo. Muuza njugu tamu za milimani zilizopikwa kwa sukari, merhaba. Mwenye tiketi, merhaba. Kitoto kwenye mgongo wa mama yake, merhaba. Na si hilo tu. Sabuni kwao ni sabun, saa ni saat, duka ni dükkân, na habari gani ni ne haber! Nilihisi kama mtu aliyekwenda ugenini akakuta vyombo vya kwao kabatini.

Mchana tulikula. Sikiliza vizuri, wewe uliyelelewa kwa maziwa. Sahani inakuja na vipande vya mkate chini, juu yake nyama iliyokatwa nyembamba kama majani ya chai, juu yake mchuzi wa nyanya, pembeni mtindi mzito unaosimama wenyewe. Unadhani imekwisha. Hapo mhudumu anatokea na kikaango kinachovuma, anakimimina sahanini mwako mbele ya macho yako: samli ya moto, shaaa! Mtindi na samli, dada! Waturuki hawa ni Wasukuma waliopotea njia. Chakula chenyewe kinaitwa kwa jina la mtu, İskender, ambaye ndiye Alexander, nikamkumbuka Alexander wa kwaya yetu na tumbo lake. Khalidi alinilisha tonge la mwisho kwa uma wake, mbele za watu.

Jioni tuliingia duka la mataulo. Nikavuta uzi mmoja kwa dole gumba na cha shahada, nikausikiliza unavyokatika, kama Baba alivyotufundisha pale bandani kwenye chama cha ushirika. Mwenye duka akaacha kuzungumza. Akaenda nyuma akaleta taulo jingine, zito, la rangi ya maziwa, akaliweka mbele yangu. Nikalivuta. Uzi mrefu, haukatiki upesi. Nimelinunua. Ni la Baba.

Sasa nimerudi kwa Baba. Usiku nilipokwisha kucheka nilikumbuka kwamba jana watu labda thelathini wamenipa marahaba bila mimi kuomba, na yule mmoja niliyempigia goti mwenyewe alininyima. Unakumbuka, ulikuwa umesimama mlangoni na sinia. Yeye anachonga mpini wa jembe. Nilisema shikamoo baba mara tatu. Alichonga tu. Maganda yakaniangukia kwenye gauni la ndoa ya bomani, na wewe ukasema, "Nenda, gari litakuacha." Najua si dini peke yake. Miaka ishirini na miwili amepima pamba ya watu kwenye chama, na siku lori la mjomba wa Khalidi lilipoegeshwa ng'ambo ya barabara kununua pamba kwa mzani wake, banda la chama likafungwa. Halafu mimi nikampenda fundi wa lori lile. Lakini dada, mtoto hamalizi shikamoo yake mpaka aitikiwe. Mimi bado nimepiga goti pale.

Je, amesema chochote?

Mdogo wako akupendaye,
Evelina

*

Usagara
9 Mei 1997

Mdogo wangu Evelina,

Marahaba. Barua yako imefika jana, imefunguliwa na kufungwa tena kwa gundi, kwa hiyo yupo mtu posta ambaye sasa anajua habari za samli.

Hapa mvua zinamalizika vizuri na pamba imeanza kupasua vitumba. Darasani nina watoto themanini na wawili na madawati kumi na tisa. Mbuzi wa pembe moja ameacha nguo, sasa amekula kalenda. Tuna miezi kuanzia Agosti tu. Kashindye wa jirani anakuja kunisaidia kazi za nyumbani na anakusalimu.

Padri aliniuliza habari zako. Nikamwambia unapiga goti. Sikumwambia wapi. Na kuhusu kuolewa, mfuko wa koti langu umejaa chaki, mkono wa mtu hauingii.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ule mlima niliuona.

Baba yupo.

Usipige simu shuleni, ni kupoteza pesa na mwalimu mkuu hapendi. Andika tu.

Dada yako,
Teodora

*

Bursa
29 Mei 1997

Dada mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeipokea leo, nikaibusu bahasha mbele ya Bi Nuriye, mwenye nyumba wetu, naye akadhani imetoka kwa mchumba. Sisi ni wazima. Joto limeanza, theluji mlimani imebaki kama kofia ndogo, na Khalidi ananiletea ua moja kila Ijumaa, anasema maua mawili ni ya mtu aliyekosa. Nimejifunza kupika mabilinganya yao. Namshukuru Kashindye. Ila kwani una kazi gani mpya nyumbani mpaka usaidiwe? Wewe ambaye hukuniruhusu hata mimi nikushikie ufagio?

Halafu, dada, "Baba yupo"! Wewe ni mwalimu wa Kiswahili. Mwanafunzi akikuletea insha ya maneno mawili utampa ngapi? Yupo wapi? Yupo vipi? Ameisikia barua yangu?

Nakuomba kitu kimoja na sitaomba kingine. Msomee mstari huu kwa sauti, usiongeze, usipunguze:

Shikamoo Baba. Ni mimi Evelina.

Kisha niandikie alichosema. Akinyamaza, andika amenyamaza. Nitavumilia, nina mtu wa kunishika mkono. Nisichoweza ni kutojua.

Wako,
Evelina

*

Usagara
23 Juni 1997

Mdogo wangu Evelina,

Marahaba. Sisi tupo. Uvunaji umeanza, njia yote ya kwenda Misungwi imejaa mikokoteni. Mabanda ya wanunuzi ni matatu sasa. Kila moja na mzani wake.

Mstari wako nimeusoma jana Jumapili baada ya misa, kama ulivyoniagiza.

Amejibu. Amesema: Marahaba.

Nimeandika alichosema.

Dada yako,
Teodora

*

Bursa
14 Julai 1997

Dada, dada, dada yangu!

Shikamoo mara kumi! Sijambo, sijambo, sijawahi kuwa sijambo namna hii! Nilisoma barua yako ngazini, nikapiga vigelegele, milango mitatu ikafunguka. Bi Nuriye alitoka na mwiko mkononi akidhani nyumba inaungua. Nilimweleza kwa maneno niliyonayo: "Baba. Merhaba." Akanitazama vile watu wanavyomtazama mgonjwa, kisha, sijui alielewa nini, akanikumbatia na mwiko wake.

Khalidi aliporudi sikumwambia. Nilimpa barua aisome mwenyewe. Alikaa kitandani na buti zake za kazi. Akasema polepole, "Kwa hiyo sasa nimeoa kwa baba yako." Dada, sikujua kuwa naye alikuwa anabeba. Mtu ninayelala naye kila siku, nikidhani ana utani tu! Alisema tangu siku ile bomani amekuwa akijiona kama mtu aliyeingia nyumba ya watu kwa dirisha.

Jumapili tuliirudia safari yetu yote, hatua kwa hatua, kama watu wanaohiji. Birika la maji, soko la hariri, sahani ileile na samli ileile. Yule mzee alikuwepo uani. "Merhaba," akasema. Mara hii sikupiga goti, nilimjibu "Merhaba" kifua mbele, kama mwenye deni aliyelipa.

Sasa sikia uamuzi. Tunarudi mwishoni mwa Septemba. Khalidi ameshampigia simu mjomba wake, naye amekubali kuja Usagara na wazee wawili, kwa heshima zote, na kitambaa cha hariri na taulo lile, waombe radhi kwa mambo ya mzani na mambo ya ndoa pamoja. Mjomba, dada! Yule yule! Anasema mzee aliyeitikia salamu ameshafungua mlango. Nipangie siku na Baba. Muulize kama Jumapili ya kwanza ya Oktoba inamfaa.

Nimefurahi mpaka naogopa.

Evelina wako

*

Usagara
8 Agosti 1997

Evelina mdogo wangu,

Marahaba.

Nimeanza barua hii mara nne. Mbuzi amekula ya pili.

Mwambie Khalidi amzuie mjomba wake. Wazee wasije kwa neno lile.

Tarehe tatu Mei, Jumamosi, Baba alianguka akifunga zizi. Upande wote wa kulia umelala. Ile barua yangu ya kwanza niliiandika kwenye benchi la wodi, nikaweka "Usagara" juu yake. Daktari amesema damu imekatika kichwani. Sasa anakaa, anakula kwa mkono wa kushoto, anajua watu. Lakini maneno yamekwenda yote. Limebaki moja.

Akitaka maji anasema malahaba. Akiumwa, malahaba. Kashindye akiingia na uji, kabla hajavuka kizingiti, malahaba. Mbuzi akipita, malahaba. Watoto wa shule wanakuja dirishani makusudi waitikiwe, halafu wanakimbia. Nesi mmoja alimsifu kuwa ni mzee mwenye adabu kuliko wote wodini.

Uliniambia nisiongeze wala nisipunguze. Nilisoma mstari wako. Alisema malahaba kabla sijafika kwenye jina lako. Nikaandika alichosema. Kila herufi ilikuwa kweli, ila nilibadilisha l ikawa r, kama nilivyotaka kumrekebishia Kiswahili chake maisha yangu yote, na nilipoibadilisha ndipo nikajua kuwa nadanganya.

Utauliza kwa nini nilikuficha. Ningesema ni kwa ajili ya mafunzo ya mumeo, kwamba ungepanda ndege siku ileile. Ni kweli. Lakini ipo na nyingine. Barua zako zilikuwa zinakuja na mlima na chai na maua ya Ijumaa, na mimi nilikuwa naosha mashuka. Nilitaka pawepo mahali pamoja ambapo jambo hili halijafika. Nikikusoma nilikuwa nakwenda huko.

Sijui kama amekusamehe. Sijui kama angekusamehe. Nilimuuliza. Unajua alichojibu.

Nisamehe wewe.

Teodora

*

Bursa
Jumapili, 7 Septemba 1997

Dada Teodora,

Shikamoo.

Sisi ni wazima. Barua yako nimekaa nayo siku tisa. Kwanza nilikukasirikia. Niliandika maneno ambayo nashukuru Bi Nuriye hana mbuzi, kwa sababu niliyachana mwenyewe. Halafu nikakuona na yale mashuka, kwenye kigoda kile. Mimi nilikuwa nakuuliza habari za mbuzi. Nilikuandikia "ukiolewa utaona". Wewe ndiye unayeona, dada. Nimeona haya.

Khalidi amemwandikia mjomba, wazee hawaji. Nilipomsomea barua yako hakufanya utani wowote. Alitoka akarudi na ua, na haikuwa Ijumaa.

Leo nimekwenda msikitini peke yangu, nikakaa penye maji. Nilikuwa nafikiri kwamba nimedanganyika miezi mitatu, nimecheza ngoma ya salamu aliyopewa mbuzi. Nilipotoka nikapita kwenye ule ua. Mzee akasema, "Merhaba." Nikapita bila kumjibu. Nikafika langoni, nikarudi. Nimekaa mji huu miezi mitano na kila mtu amenipa neno hilo kabla sijamwomba, watu wasionijua kabisa, na sikuwahi kuuliza kama wanamaanisha. Limenipasha moto tu. Sasa la Baba nilikatae kwa kuwa analigawa bure?

Lakini dada, sitaki kujidanganya pia. Hawa wananisalimu. Yeye alininyima. Neno ni moja, mambo ni mawili. Pale palipokosa ridhaa watu hawa hawakulazimisha, waliweka maji. Nami sitakuja kudai. Nitakuja niwe naosha mashuka.

Tunaondoka tarehe 26. Dar tutapanda treni. Usiende stesheni, tutafika wenyewe Jumapili ile ile ya kwanza ya Oktoba.

Evelina

*

Usagara
Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Dada yangu Teodora,

Shikamoo dada. Tumefika salama, vumbi la treni limetuingia mpaka kwenye meno. Kikaratasi chako nimekikuta juu ya mtungi: "Nimepangiwa Ukerewe kusimamia mtihani wa darasa la saba. Sikuomba nibadilishiwe. Dawa ya asubuhi iko kwenye kopo la Kimbo." Nimekuelewa. Barua hii nampa mwalimu Venant, anavuka na meli kesho, atakuletea mkononi. Kwa hiyo haitafunguliwa, ila na yeye.

Baba anakula vizuri. Mashuka nimefua. Kalenda nimenunua nyingine, nimeitundika juu.

Sasa nikueleze jana, na nitaeleza taratibu, siongezi wala sipunguzi.

Tulifika saa kumi. Kashindye alikuwa anapepeta mchele uani, akatupa ungo akanikumbatia. Nikamwambia Khalidi, "Tangulia na mizigo." Baba alikuwa ameketi sebuleni kwenye kiti chake, mgongo kwa ukuta, mkono wa kulia mapajani kama kitu alichowekewa na mtu mwingine. Khalidi hajaweka begi chini, nikasikia kutoka ndani: "Malahaba."

Na mume wangu, kwa woga na kwa mazoea ya miezi sita, akajibu, "Merhaba, mzee!"

Kashindye aliangua kicheko. Baba akamtazama Khalidi, akatazama buti zake, akarudia, "Malahaba." Khalidi akasema, "Nimepokea, mzee. Ahsante." Akakaa chini sakafuni, palepale mlangoni, na begi miguuni.

Kisha nikaingia mimi.

Dada, nilikuwa nimejiandaa. Njia nzima kwenye treni nilijiambia: atalisema kabla hujavuka kizingiti, wewe ulipokee kama chai ya bure. Nilivuka kizingiti. Nikafika katikati ya chumba. Hakusema.

Aliniangalia tu. Midomo ameibana. Nikasikia Kashindye nyuma yangu, "He! Leo imekuwaje? Huyu hanyamazi hata kwa kuku." Mbuzi alipita mlangoni, Baba hakumgeukia. Macho yake yalikuwa kwangu, na mimi nilikuwa nalia kwa namna ambayo mtu hawezi kusema lolote. Nikafikiri, basi. Limemtoka kwa wote, kwangu limekataa. Nikataka kugeuka. Nikakumbuka ulivyosema, nenda, gari litakuacha, nikaona safari hii hakuna gari.

Nikakaa naye pembeni nikatoa lile taulo nikaliweka chini ya mkono wake wa kushoto. Alilishika. Dole gumba na cha shahada vikatafuta uzi, vikauvuta, polepole, hadi ukatoka. Akausogeza karibu na sikio. Halafu akaniangalia tena, na midomo bado ameibana, na sasa nikaona kwamba anaibana kwa nguvu, kama mtu aliyezuia kitu mdomoni. Kijasho kilikuwa kinamtoka juu ya midomo.

Ndipo nikagundua kuwa sijamsalimu.

Nimetoka Uturuki, nimepanda ndege na treni, nimeingia kwa baba yangu, na kwa kulia kwangu sijamsalimu! Nikashuka pale nilipokuwa, nikapiga goti kwenye ile sehemu ya sakafu yenye ufa, unaijua, nikasema, "Shikamoo Baba. Ni mimi Evelina."

Alisubiri mpaka nikamaliza jina langu.

"Malahaba," akasema.

Hakuna aliyecheka. Khalidi alikuwa ameinamisha kichwa. Nilibaki nimepiga goti muda kidogo, si kwa kungoja, ila kwa sababu nilikuwa sijui mtu anainukaje.

Baadaye akaonyesha kikombe kwa mkono wa kushoto, akasema tena, "Malahaba." Nikamletea akanywa.

Hiyo ya pili, dada, ilikuwa ya maji. Ya kwanza ilikuwa yangu.

Mdogo wako,
Evelina